Gereji yenye joto ndiyo inayoila pikipiki ya safari wakati wa baridi?

#1 NjiaNdefu
Wakuu salaam. Naleta hoja, mwenye kupinga apinge kwa vipimo.

Pikipiki ya safari, kilo 270 hivi, ya shafti (haina cheni), rimu za spoki. Imetembea hadi chumvi ilipoanza kumwagwa barabarani, ikapigwa maji, ikafutwa kwa taulo, ikafunikwa na kulazwa kwenye gereji iliyoshikana na nyumba, nyuzi 16 hadi 18 usiku na mchana. Baada ya wiki sita: unga mweupe kwenye nati za spoki, unga huohuo unachungulia chini ya washa za boli za kalipa za breki, na kutu ya rangi ya chungwa kwenye stadi (boli zisizo na kichwa) za ekzosi pale mabomba yanapoingia kwenye silinda hedi. Nyingine ya modeli hiyohiyo, barabara zilezile, imekaa nje chini ya paa lisilo na kuta. Hiyo ni safi.

Nasema joto la gereji ndilo linaloozesha. Baridi inahifadhi.

#2 FundiGrisi
Mkuu, joto halina kosa kama chumvi imetoka. Ninachotilia shaka ni huko kuosha. Taulo linakausha pale mkono unapofika, na chumvi haikai pale mkono unapofika. Inakaa nyuma ya rejeta, juu ya nyumba ya gia, ndani ya matao ya kalipa, kwenye vishikizo vya masanduku ya pembeni, kwenye springi ya dabo stendi, na kwenye kile kitundu ambamo nati ya spoki inaingia kwenye rimu.

Inavyotakiwa: maji baridi ya mpira wa kawaida, presha ndogo, dakika 10 hadi 15 bila sabuni kwanza, ukianzia chini maana chumvi inarushwa kutoka chini. Isimamishe kwenye dabo stendi, zungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa mkono, injini imezimwa, maji yapige kila nati ya spoki kwa pande zote mbili. Ndipo sabuni isiyo kali na brashi laini, kisha suuza upya. Mashine ya presha isielekezwe kwenye beringi za magurudumu, beringi za usukani, sili za shokapu wala soketi za umeme. Maji yanapita sili, yakishapita hayatoki.

Kukausha ni kwa blowa, hewa ya kawaida, dakika 20 kwa uchache. Piga kwenye kila kichwa cha boli cha kutumbukiza funguo ya L. Vile vishimo hushika maji kama vikombe. Mwisho isukume mbele na nyuma ukikamata breki mara sita saba ili pedi zifute diski.

#3 BiSpana
Niko na mleta mada, ila nusu. Kanuni ya jumla ya kemia ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10, kasi inakaribia kuwa maradufu. Kutoka 0 hadi 18 ni zaidi ya mara tatu. Wiki sita za gereji ni sawa na miezi mitano ya nje, kwa chumvi ileile. Na nje usiku maji yanaganda, kutu inasimama.

#4 Hidromita
Dada Spana, marekebisho kidogo. Maji matupu ndiyo yanaganda kwa 0. Maji yaliyokolea chumvi ya kawaida yanabaki majimaji hadi karibu nyuzi 21 chini ya sifuri. Kwa hiyo utando wa chumvi kwenye boli haulali usiku kirahisi hivyo. Unapunguza kasi tu.

#5 Sogea_Taratibu
Muhimu kuliko yote: asioshe kwa maji ya moto. Maji ya moto yanayeyusha chumvi na kuisukuma kwenye vinyweleo vya chuma. Kila mwendesha pikipiki wa baridi analijua hili.

#6 Hidromita
Hapo mkuu umeitia chumvi chumvi yenyewe. Gramu 100 za maji ya nyuzi 0 zinayeyusha gramu 35.7 za chumvi ya kawaida. Maji ya nyuzi 100 yanayeyusha 39.1. Tofauti ni kiduchu. Maji baridi yanaitoa vizuri kabisa yakiwa mengi. Na chuma cha boli hakina vinyweleo vya kunywa maji; kinachonywa ni mianya: kati ya washa na alumini, chini ya rangi iliyopasuka, ndani ya nyuzi za boli. Hesabu wingi wa maji, usihesabu joto lake.

#7 Sogea_Taratibu
Namba nimezipokea, asante. Ila chumvi ya barabarani haiji peke yake. Inakuja imekandwa na lami, vumbi la pedi na oili. Ule uji mweusi ulio nyuma ya injini na kwenye mkono wa gurudumu la nyuma hautoki kwa maji baridi, na chumvi imefungiwa ndani yake.

#8 FundiGrisi
#7 ni kweli. Dawa yake ni mafuta ya taa kwenye brashi ya rangi, pakaa kwenye uji pekee, acha dakika 5, kisha sabuni na maji. Yasiguse diski wala pedi. Wenye cheni, mafuta ya taa hayaumizi ringi za mpira za cheni, lakini petroli inaziumiza. Brashi ya waya usiiguse kabisa. Baada ya hapo paka mafuta ya cheni upande wa ndani, kwenye ringi, cheni ikiwa bado na joto la safari.

#9 UmandeAsubuhi
Wote mnazungumzia chumvi, mimi natazama maji. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 50 inaanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 9 kushuka chini. Sasa ingiza pikipiki ya kilo 270 iliyotoka kwenye nyuzi 2. Chuma kingi hivyo hakipati joto kwa nusu saa. Injini inabaki na ubaridi kwa masaa. Muda wote huo inatoka jasho kama chupa iliyotolewa kwenye friji. Pitisha kidole chini ya clampu ya shokapu za mbele, utakuta tone limening'inia. Pikipiki ya nje haipati hilo maana chuma na hewa vinapoa na kupanda pamoja.

#10 Hidromita
Umande wa kuingiza ndani ni wa siku moja, mkuu. Hauelezi wiki sita. Na kuna hesabu inayonisumbua. Hewa ya nje ya nyuzi 0 yenye unyevu wa asilimia 85 ina kama gramu 4 za maji kwa kila mita ya ujazo. Ukiipasha hadi nyuzi 17 bila kuongeza maji, unyevu wake unashuka chini ya asilimia 30. Hiyo ni hewa kavu. Gereji yenye joto ilitakiwa iwe salama *kuliko* nje! Kutu haifuati gramu za maji hewani, inafuata asilimia. Kwa hiyo lazima kuna maji yanaingia humo gerejini. Yanatoka wapi?

#11 NjiaNdefu
Gari linalala humo humo. Linaingia kila jioni na theluji kwenye matao ya magurudumu.

#12 BiSpana
Basi jibu ndilo hilo. Gereji ya mita 6 kwa 3 kwa 2.5 ina mita za ujazo 45. Kutoa hewa kwenye gramu 4 hadi 10 unahitaji gramu 270 za maji, glasi moja tu, na tayari uko karibu asilimia 70. Theluji ya tao moja la gurudumu inazidi hapo. Sakafu inabaki na dimbwi la maji ya chumvi, joto la nyumba linalivukisha usiku kucha, pikipiki iko mita moja pembeni.

Pikipiki na gari lenye theluji visilale chumba kimoja. Kama hakuna njia, sukuma maji nje kwa mpira wa sakafu kila gari linapoingia, na acha upenyo wa hewa juu na chini ya mlango.

#13 UmandeAsubuhi
Nunua kipima unyevu, kitundike usawa wa ekseli, kisiwe ukutani juu. Hewa ya chini ndiyo yenye baridi na unyevu. Juu kinaweza kusoma 50 huku chini ni 65. Lengo ni chini ya 50.

#14 FundiGrisi
Hiyo 50 ni ya chuma kisicho na chumvi. Mleta mada, ulizia barabara zenu zinamwagiwa nini. Chumvi ya kawaida inaanza kuvuta maji hewani na kulowa yenyewe unyevu ukifika kama asilimia 75. Kloridi ya kalsiamu na ya magnesiamu, ambazo hunyunyizwa kama maji kabla theluji haijashuka, zinalowa kwenye theluthi moja tu, asilimia 30 na kitu. Gereji ya asilimia 50 kwa chumvi hizo ni sawa na chumba cha mvuke. Utaona alama: baada ya kukauka pikipiki ina madoa yanayong'aa kama yamepakwa mafuta, ukigusa yananata. Hiyo haijakauka na haitakauka. Ni maji tu, mengi, siku hiyohiyo.

#15 PlagiNane
Wadau, mbona hakuna aliyegusa kuwasha? Injini iwashwe kila Jumamosi dakika 10. Inakausha kila kitu, sili zinapata oili, betri inajaa. Unyevu wote unaondoka.

#16 BiSpana
Hapana kaka, hili lisimame hapa maana linaharibu injini za watu. Lita moja ya petroli ikiungua inatoa karibu lita moja ya maji. Dakika 10 za mlio wa chini, maji yanapita kwenye ekzosi ya baridi na kugeuka matone. Inamisha ekzosi uone maji meusi yanavyotiririka, yana asidi. Mengine yanapita kwenye ringi za pistoni hadi kwenye oili. Oili inahitaji mwendo wa kweli barabarani, dakika 20 hadi 30, ili ipate joto la kuyafukuza. Kusimama haiipi joto hilo, kipimo cha kulanti (maji ya rejeta) kikisoma nyuzi 80 oili bado iko nyuma. Fungua kifuniko cha oili cha injini inayowashwashwa hivi, utaona uji wa rangi ya maziwa. Na kama unawasha ndani ya gereji, maji ya #12 umeyaongeza kwa mkono wako, na hewa ya sumu juu yake.

Badilisha oili na filta *kabla* ya kuilaza, injini ikiwa ya moto. Tembea kilomita chache oili mpya ienee, zima, usiiguse hadi siku ya kuondoka.

#17 PlagiNane
Nimekuelewa. Na sili kukauka?

#18 BiSpana
Miezi mitatu haikaushi sili. Ukitaka kuzungusha, weka gia ya juu, plagi zimetolewa, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono mara mbili tatu. Inatosha.

#19 Volti12
Niongeze kwenye betri, maana #15 anasema inajaa. Haijai. Kuwasha mara moja kunakula umeme ambao mlio wa chini hauurudishi. Pikipiki ya safari ina saa, alamu, kompyuta. Chukua mfano wa miliampea 5 zinazonyonywa muda wote: kwa siku 30 ni ampea-saa 3.6. Kwenye betri ya ampea-saa 16 ni zaidi ya sehemu moja ya tano kwa mwezi, bila kugusa swichi.

Pima baada ya kupumzika masaa kadhaa. Betri ya risasi na asidi: volti 12.7 kwenda juu imejaa, 12.4 ni robo tatu, 12.0 ni robo tu. Iliyojaa haigandi hata kwa nyuzi 50 chini ya sifuri. Iliyoisha inaganda karibu na 10 chini, maji yanatanuka, sahani zinapinda, ganda linapasuka. Chaja ya kutunza iwe inashusha hadi volti 13.5 hadi 13.8 ikishajaza, mkondo wa kujaza uwe sehemu ya kumi ya uwezo wa betri. Kutoa betri: anza na hasi, kurudisha malizia na hasi.

#20 Sogea_Taratibu
Za lithiamu je?

#21 Volti12
Lithiamu ya chuma-fosfeti usiichaji chini ya nyuzi 0, inaharibika moja kwa moja. Tumia chaja yake, isiwe na programu ya kuondoa salfeti. Asubuhi ya baridi washa taa dakika 2 au 3 kwanza, betri ijipashe, ndipo ugonge stata. Jaribio la kwanza likiwa zito, subiri, la pili linakuwa jepesi.

Wanaoendelea kutembea baridi yote: gripu za joto ni wati 30 hadi 50, fulana ya joto 65 hadi 90, taa za ukungu, kiti. Jenereta ya pikipiki hutoa wati zake zote kwenye mzunguko wa juu tu. Foleni ya taa nyekundu ikiwa na vyote hivyo, mita itashuka chini ya volti 13 na hapo unakula betri. Zima fulana kwanza.

#22 KofiaMbili
Na kulanti wakuu, nimeambiwa kwenye baridi kali weka tupu bila maji ndiyo haigandi.

#23 Hidromita
Kinyume chake. Glaikoli ya ethilini tupu inaganda karibu nyuzi 13 chini ya sifuri. Nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke inafika 37 chini. Asilimia 60 inapita 50 chini, zaidi ya hapo inaanza kurudi juu, na inabeba joto vibaya. Maji ya bomba yasitumike, yana madini.

#24 KofiaMbili
Shukrani. Tairi nazo nipandishe?

#25 FundiGrisi
Joto likishuka nyuzi 20, tairi ya psi 42 inapoteza karibu 4. Kwa hiyo kipimo cha kiangazi kiko chini tayari. Jaza ikiwa ya baridi, kwenye joto utakalotembelea, kwa namba ya kitabu. Kushusha upepo "ipate mshiko" kwenye lami baridi ni kosa, pikipiki ya safari na masanduku inahitaji namba ile. Inayolala: dabo stendi, gurudumu la mbele linyanyuliwe kwa jeki na ubao, au psi 3 zaidi bila kuvuka kikomo kilichoandikwa ubavuni.

#26 MwanaKutu
Turudi kwenye uzi. Nimesoma yote, na naona mmeipita alama ya #1. Unga mweupe na kutu ya chungwa ni magonjwa mawili. Mweupe ni alumini inayoliwa. Boli za kalipa kwenye pikipiki hizi mara nyingi si chuma cha kawaida, na zikiwa za chuma kisichoshika kutu ndani ya alumini pamoja na maji ya chumvi, ni betri ndogo: alumini ndiyo inayotoa. Boli inabaki inang'aa, kiti chake kinageuka unga. Joto na unyevu vinaharakisha, lakini hakuna gereji itakayozuia kama nyuzi za boli ni kavu, hazina grisi. Toa boli moja moja, safisha, paka grisi ya kuzuia kukwama kwenye nyuzi na chini ya washa, kaza kwa spana ya toki na ujue nyuzi zenye grisi zinahitaji nguvu kidogo kuliko kavu. Za kalipa fuata kitabu neno kwa neno, kama kinataka gundi ya nyuzi weka gundi, usiweke grisi.

Na nina swali: rimu zimesafishwa kwa nini?

#27 NjiaNdefu
Dawa ya kusafisha rimu, ya kupuliza. Inageuka zambarau ikigusa vumbi la breki. Ile ya nje ilipigwa maji tu.

#28 MwanaKutu
Basi ulinganisho wa #1 una mambo mawili yamebadilika kwa wakati mmoja. Dawa nyingi za aina hiyo ni salama zikisuuzwa ndani ya dakika chache, lakini zikiingia kwenye kitundu cha nati ya spoki zinakaa humo. Na zile za asidi zinaondoa ngozi ya alumini inayoilinda. Unga kwenye nati naushuku kwa dawa. Stadi za ekzosi hazikupulizwa, hizo naziachia gereji.

#29 UmandeAsubuhi
Na kifuniko? Pikipiki moja imefunikwa, nyingine haijafunikwa. Kifuniko cha nailoni kisichopumua juu ya pikipiki yenye unyevu ni hema. Inua asubuhi, gusa upande wa ndani juu ya kiti. Kikiwa na ubaridi wa maji, hapo ndipo tatizo lilipo. Shuka kuukuu la pamba linatosha kwa vumbi.

#30 BiSpana
Bado naliona joto. Toa dawa, toa kifuniko, chumvi ileile kwenye nyuzi 18 itafanya kazi mara tatu.

#31 Hidromita
Ikiwa imelowa. Kavu haifanyi kazi hata kwa nyuzi 40.

#32 FundiGrisi
Na ikiwa imetoka hakuna cha kulowa.

Kwa sasa, NjiaNdefu: unga uondoe kwa brashi ya nailoni na maji yenye sabuni, suuza kwa lita nyingi, blowa, kisha kila nati ya spoki tone la mafuta ya kinga ya nta au lanolini kwa pamba ya masikio. Stadi za ekzosi nazo zinakubali grisi ya shaba. Kwingineko puliza kinga kwenye kitambaa kwanza, ufute, ili ukungu usifike kwenye diski. Diski zikipata, osha kwa spiriti ya kusafishia breki na pedi zilizolowa mafuta badilisha.

#33 NjiaNdefu
Nimeanza na kifuniko, upande wa ndani una maji kweli. Kipima unyevu kimesoma 71 usawa wa ekseli na 58 usawa wa kioo cha mbele. Gari limehamia nje tangu leo. Nitakata vipande viwili vya bamba la chuma, nivichovye kwenye maji ya chumvi ya barabarani, kimoja ndani kimoja nje, wiki nne.

#34 MwanaKutu
Fanya sita. Ndani vitatu, nje vitatu: kimoja kimechovywa na kuachwa, kimoja kimechovywa na kusuuzwa dakika 10, kimoja hakijaguswa chumvi. Kila kimoja kiwe na boli ya chuma kisichoshika kutu na washa ya alumini. Vifute kwa spiriti kabla, mafuta ya vidole yataharibu majibu. Na kipima unyevu usikitoe pale kwenye ekseli.